Goti Linalouma Lisilazwe: Somo kwa Wakulima wa Skimu

Ndugu wakulima, katika somo la mwezi huu hatutasema habari za mbegu wala za mbolea. Tutasema habari za chombo kimoja ambacho kila mkulima anacho, ambacho hakiuzwi dukani, na ambacho kikiharibika jembe hulala na shamba huota magugu. Chombo hicho ni goti.

Mimi ninayeandika ni karani katika ofisi ya kilimo, si daktari. Lakini maneno haya ndiyo wanayofundisha madaktari na wataalamu wa viungo siku hizi, nami nimeyaona yakitendeka katika mtaa ninamokaa, Shauri Moyo, mjini Nairobi. Soma polepole. Ukiisha kusoma, msomee na jirani ambaye macho yake hayaoni vizuri.

HABARI YA MAMA MMOJA

Shauri Moyo ni mtaa wa kale, upande wa mashariki wa mji. Ulijengwa miaka ya mwisho ya 1930, wakati kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa na watu wake kuhamishwa. Karibu nao pana soko la Burma, na karibu pia pana Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hugonga mabati na vyuma tangu asubuhi mpaka jioni. Huenda wilbaro unayoisukuma shambani kwako, au jiko lililo nyumbani mwako, lilitoka mikononi mwao.

Jirani yangu mmoja ni fundi wa Kamukunji. Mwezi wa Septemba alimleta mama yake kutoka Kinangop. Mama huyu amepita miaka 60. Wakwe zake walikuwa miongoni mwa watu waliopata mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, na tangu alipoolewa hapo amelima viazi na kabeji na kukamua ng'ombe kila siku ya Mungu. Sasa goti lake la kulia lilikuwa likimwuma, na baadaye la kushoto nalo likaanza. Kupanda kilima ilikuwa taabu, kuinuka kwenye kigoda ilikuwa taabu, na kwenda chooni usiku ilikuwa taabu zaidi.

Mwanawe alimhurumia, akamwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Lala upumzike mpaka goti lipone." Mama akalala. Aliletewa chakula kitandani, na maji ya kuoga akaletewa mlangoni. Alilala Septemba, Oktoba na Novemba. Goti halikupona. Bali lilikuwa baya kuliko kwanza, kwa maana akisimama mguu ulitetemeka, na goti likataka kujikunja lenyewe. Paja lake lilikuwa limekonda. Kule Kinangop shamba halikupandwa wakati wa mvua za vuli, na mtu mmoja alikuwa amekwisha leta karatasi ya kulikodi kwa miaka 5 kwa bei ya chini. Mama alikuwa karibu kutia kidole.

Kabla hajatia kidole alipelekwa hospitali. Daktari alilikunja goti na kulinyosha, akamwuliza maswali mengi, kisha akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyu alikuwa kijana mwenye adabu. Akamwuliza, "Mama, ukimfunga maksai bandani miezi mitatu, unampa majani tu, siku ya kulima ataweza kuvuta plau?"

Mama akacheka, akajibu, "Hawezi, mwanangu. Atakuwa amelegea."

"Basi," akasema kijana, "nyama za paja ndizo maksai wa goti. Wako tumemfunga mno."

Neno hilo ndilo somo letu la leo. Goti linalouma lisilazwe, wala lisishurutishwe. Lipewe kazi ya kipimo chake. Sasa tutazame kwa nini iwe hivyo, na jinsi ya kufanya.

GOTI LIMEUMBWAJE?

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, yaani kile kitu cheupe, laini, kinachoteleza, unachokiona kwenye ncha ya mfupa wa mbuzi aliyechinjwa. Kazi ya gegedu ni kuifanya mifupa iteleze bila kusagana. Ndani ya goti mna pia majimaji kidogo mazito ya kulainisha, na nje mna nyama na kano zinazolishikilia lisiyumbe. Nyama kubwa kuliko zote ni zile za mbele ya paja.

Sasa angalia jambo hili, kwa maana ndilo la maana kabisa. Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka katika yale majimaji. Unapokanyaga chini, gegedu hubanwa kama sifongo iliyojaa maji. Unapoinua mguu, hufyonza tena. Kwa njia hiyo kutembea ndiko kunakoilisha. Mtu asiyetembea huinyima gegedu chakula, na huku nyama za paja zinadhoofika. Nyama zikidhoofika, mzigo wote hulielemea goti lenyewe, na maumivu huzidi. Akiumwa zaidi hulala zaidi. Ndivyo mama yule alivyoharibikiwa.

MARADHI HAYA NI NINI?

Ziko sababu nyingi za goti kuuma, lakini ile inayowapata watu wengi waliopita miaka 50 ni kulika kwa gegedu na kuvimba kwa goti kidogo kidogo. Madaktari huyaita maradhi haya osteoathritisi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa nayo katika viungo mbalimbali, na kati yao milioni 365 yaliwashika magotini. Katika kila wagonjwa 10, kama 6 ni wanawake. Basi usidhani ya kwamba umerogwa, wala kwamba ni wewe peke yako.

Mambo yanayoyaleta au kuyazidisha ni haya: umri, uzito wa mwili, kuumia goti zamani, labda kwa mpira au kwa kuanguka, kurithi katika jamaa, na kazi ya miaka mingi ya kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito. Mkulima huyapata karibu yote.

Hapa yafaa tusahihishe mawazo mawili.

Wazo la kwanza ni kwamba baridi ndiyo inayoleta ugonjwa. Watu wengi huyaita maumivu yote ya viungo baridi yabisi, na jina hilo limewadanganya. Ni kweli kwamba siku ya baridi, hasa kule Kinangop na Ol Kalou, mtu huweza kuyasikia maumivu zaidi na goti likawa gumu. Vaa nguo nzito, funika magoti. Lakini baridi haili gegedu.

Wazo la pili ni kwamba "mafuta ya goti yamekwisha", na dawa yake ni kunywa supu ya mifupa au kula bamia. Supu ni chakula kizuri, na bamia ni mboga nzuri. Lakini vikiisha kuliwa huingia tumboni na kusagwa kama chakula kingine. Haviendi gotini kuwa mafuta. Kinacholainisha goti ni mwendo.

SHERIA YA KIPIMO

Mama yule alipoanza mazoezi, siku ya pili alisema, "Haya yananiua. Siyataki." Kijana akamfundisha sheria moja, nami naiandika hapa ili uishike kwa moyo:

Maumivu kidogo wakati wa kazi au mazoezi hayana hatari. Yatazame kesho yake asubuhi. Ikiwa yamerudi kama yalivyokuwa kabla, kazi ya jana ilikuwa ya kipimo, na leo waweza kuifanya tena. Ikiwa yamezidi au goti limevimba, kazi ya jana ilikuwa kubwa mno. Usiiache kabisa, ipunguze nusu.

Sheria hii ni ya mazoezi, ni ya kupalilia, ni ya kutembea sokoni. Mkulima hupima mbolea na hupima dawa ya mifugo. Basi na apime kazi ya goti lake vile vile.

Ziko siku ambazo goti hukasirika sana. Siku hizo pumzika siku moja au mbili, inua mguu, weka kitambaa cha maji ya baridi ikiwa goti limevimba, au cha maji ya moto yasiyounguza ikiwa ni gumu tu. Kisha anza tena polepole.

MAZOEZI MANNE

Mazoezi haya hayahitaji fedha. Yanahitaji kiti, ukuta na saburi.

1. Kukaza paja. Keti kitandani au mkekani, mguu umenyoshwa. Weka nguo iliyokunjwa chini ya goti. Lisukume goti chini kama unayetaka kuiponda nguo ile. Hesabu mpaka 5, legeza. Fanya mara 10, kisha mguu wa pili.

2. Kunyosha mguu. Keti kitini, nyayo zote chini. Inua mguu mmoja mpaka unyoke mbele yako. Hesabu mpaka 5, ushushe polepole. Mara 10 kila mguu.

3. Kuinuka kitini. Kiegemeze kiti ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani. Inuka usimame wima, kisha keti tena polepole, bila kujitupa. Anza na mara 5. Ukizoea fanya 10. Kama huwezi, weka gunia lililokunjwa juu ya kiti kukiinua, au jisaidie kwa mikono mpaka upate nguvu. Zoezi hili ni kubwa kuliko yote, kwa kuwa linafundisha jambo unalolifanya kila siku.

4. Kuinua mguu upande. Simama, shika ukuta au meza. Inua mguu kwa upande, bila kupinda kiuno, kisha ushushe. Mara 10 kila mguu. Zoezi hili hutia nguvu nyama za nyonga, ambazo huzuia goti lisiyumbe.

Fanya mazoezi haya angalau siku tatu kwa juma. Mathalani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Pamoja na hayo, tembea kila siku mahali tambarare. Anza na dakika 10, ongeza 5 kila juma mpaka ufike 30. Mama yule alianza kwa kwenda mpaka kona ya mtaa na kurudi, akimshika mjukuu mkono. Majuma machache baadaye alikuwa akienda soko la Burma peke yake, na kurudi na mboga.

Usitazamie kupona kwa siku tatu. Nyama za paja hujengeka polepole kama udongo unavyopata rutuba kwa samadi. Nafuu huonekana baada ya majuma 6 mpaka 12. Haba na haba hujaza kibaba.

KAZI ZA KILA SIKU

Wengi watasema, "Mazoezi ni mazuri, lakini kazi za shamba na za nyumbani hazingoji." Ni kweli. Kwa hiyo lazima tubadili namna ya kuzifanya. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini mwenye goti bovu na achukue fimbo akivute.

Kiti. Kigoda kifupi ni adui wa goti. Kadiri goti linavyokunjwa sana, ndivyo linavyobanwa, na kuinuka huwa kazi kubwa. Kiti cha kukamulia, cha kumenyea viazi, na cha kuchambulia maharagwe kiwe kirefu kiasi ambacho ukiketi nyonga iko juu kidogo kuliko goti. Yule fundi wa Kamukunji alimtengenezea mama yake kiti cha chuma cha namna hiyo, chenye kiti cha mbao juu. Hata fundi wa kijijini kwako aweza kukifanya.

Jiko. Mafiga matatu chini humlazimisha mama kuchuchumaa mara nyingi kwa siku. Jenga jiko la udongo au matofali lililoinuka kufika kiunoni. Wanaume, kazi hii ni yenu. Si ya siku nyingi.

Choo. Jambo hili watu huona haya kulisema, lakini ndilo linalowatesa wazee. Choo cha shimo huwataka wachuchumae. Tengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kiwe imara, kiwekwe juu ya shimo. Tena pigilia mti ukutani wa kushika wakati wa kuinuka. Kwa usiku weka taa, kwa kuwa kuanguka huvunja nyonga.

Jembe na palizi. Mpini mrefu hukuwezesha kupalilia umesimama. Kwa palizi jepesi mpini na ufike kifuani. Ikiwa lazima kupiga magoti, kama wakati wa kupandikiza miche, kunja gunia na kulitia majani makavu, upige magoti juu yake. Wala usikae namna moja muda mrefu. Palilia nusu saa, kisha fanya kazi ya kusimama, kisha rudi. Wenzetu wa mashamba ya mpunga ya Mwea hawawezi kupandikiza wamesimama. Basi na wapokezane, na mwenye goti bovu abebe miche ukingoni zamu moja, apandikize zamu nyingine.

Mizigo. Maji ya mtungi wa lita 20 yana uzito wa kilo 20. Ukiyabeba mgongoni au kichwani, goti hubeba mwili wako na maji pia. Beba mitungi miwili ya lita 5, mmoja kila mkono, uende mara mbili. Na ikiwa una wilbaro, itumie. Ukisimama Burma au Gikomba utaona mchukuzi mmoja akivuta kwa mkokoteni mzigo ambao watu watatu wasingeweza kuubeba mgongoni. Gurudumu halina goti. Na kwa wakulima wa viazi: kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kwamba gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa huwaibia wakulima fedha, na tena huwavunja magoti wanaolipakia. Ukatae.

Vilima na ngazi. Ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza mguu mbovu. Ukipanda matatu fanya vile vile, na usione haya kumwambia utingo angoje. Katika safari ndefu, kama ya kutoka skimu mpaka Nairobi, nyosha miguu kila baada ya muda, ukiwa umeketi, kama katika zoezi la pili.

Fimbo. Watu wengi hushika fimbo upande wa goti linalouma. Ni kosa. Ishike kwa mkono wa upande wa pili. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na fimbo na mguu mbovu viende pamoja. Urefu wake ni huu: simama wima, mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Fimbo si alama ya uzee. Ni mguu wa tatu.

Viatu. Vaa viatu vyenye soli nene na laini, visivyo na kisigino kirefu. Buti za mpira ni za lazima katika matope, lakini zikiwa kubwa mno mguu huteleza ndani na goti hupindika. Tia soksi nzito.

UZITO WA MWILI

Mtu anapotembea, goti hubeba mzigo unaozidi sana uzito wa mwili wake. Wataalamu wamepima, wakaona ya kwamba kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Basi fanya hesabu. Mtu mnene akipunguza kilo 5, goti lake hupunguziwa kilo 20 kila hatua. Ni kama kuutua ule mtungi wa maji uliokuwa ukiubeba kutwa nzima.

Njia ya kupunguza si kujinyima njaa. Punguza sukari katika chai, mafuta ya kupikia, soda, na ukubwa wa bonge la ugali. Zidisha mboga za majani. Usiache maharagwe, maziwa na mayai, kwa kuwa ndivyo vinavyojenga nyama za paja. Mtu mwembamba asijikondeshe. Goti lake linahitaji nguvu, halihitaji njaa.

DAWA

Dawa husaidia mtu aweze kutembea na kufanya mazoezi. Haziponyi gegedu.

Dawa ya kupaka yenye diklofenaki imethibitishwa kuwa na faida kwa goti, na hatari yake ni ndogo kuliko vidonge. Muulize mwuza dawa aliyesajiliwa. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, lakini vikitumiwa sana huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, wa moyo au wa shinikizo asivimeze bila shauri la daktari. Wala mtu asimeze aina mbili kwa pamoja.

Jihadhari kabisa na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa katika vikaratasi. Mama yule, kabla ya kuja Nairobi, alinunua kwa mchuuzi mmoja vidonge vilivyoitwa vya mitishamba. Siku ya pili alisikia nafuu ya ajabu, hata akamsifu mchuuzi kanisani. Baada ya majuma kadhaa uso wake ulivimba na shinikizo likapanda. Daktari alishuku kwamba ndani yake mlitiwa dawa kali ya jamii ya steroidi. Dawa za namna hiyo zina kazi yake hospitalini, lakini zikimezwa ovyo hupandisha sukari na shinikizo na kudhoofisha mifupa. Na aliyezimeza siku nyingi asiziache ghafula peke yake. Aende kwa daktari aachishwe kwa utaratibu.

Kadhalika usichanjwe chale gotini. Wembe mchafu huingiza vijidudu.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI UPESI

Si kila goti linalouma ni la mazoezi. Usingoje ukiona mambo haya:

(a) Goti limevimba ghafula, ni jekundu na la moto, na una homa. Huenda mna usaha ndani. Nenda siku hiyo hiyo.

(b) Umeanguka au kugongwa, na huwezi kukanyaga.

(c) Goti limekwama, halikunjiki wala halinyoki.

(d) Nyama za nyuma ya mguu zimevimba upande mmoja na zinauma.

(e) Viungo vingi vinauma pamoja, hasa vya mikono, na asubuhi huwa vigumu kwa zaidi ya nusu saa.

(f) Una homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na umekuwa ukinywa maziwa mabichi au ukisaidia ng'ombe kuzaa. Huenda ni homa ya brusela, ambayo mkulima huipata kwa mifugo, na ina dawa yake. Chemsha maziwa siku zote.

(g) Mgonjwa ni mtoto. Mtoto anayechechemea apelekwe kwa daktari.

Ikiwa maumivu hayazuiliki hata baada ya mazoezi na dawa, iko operesheni ya kubadili goti, na hufanywa hapa Kenya, pamoja na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Lakini hiyo ni njia ya mwisho. Tena kumbuka kwamba tangu Oktoba 1, 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF; hakikisha jina lako limeandikwa kabla hujaugua.

MWISHO WA HABARI

Mwezi wa Machi, kabla ya masika, mama yule alirudi Kinangop. Juu ya gari mwanawe alifunga kiti kirefu, jembe lenye mpini mrefu na wilbaro. Ile karatasi ya kukodisha shamba hakuitia kidole. Hakupanda shamba lote. Alipanda nusu, na nusu ya pili akalima na jirani kwa kugawana mavuno. Goti lake halikuwa jipya. Siku nyingine humwuma bado, hasa akikosa mazoezi juma zima. Lakini huenda shambani kwa miguu yake, hukamua ng'ombe wake, na chooni haendi tena kwa kushikwa.

Na mwanawe aliniambia neno moja ambalo nataka kila kijana mwenye mzazi mzee alisome. Alisema, "Nilidhani kumpenda mama ni kumlaza. Kumbe ni kumtengenezea kiti cha kuinukia."

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Gegedu hupata chakula chake kwa njia gani?
2. Umepalilia jana, na leo asubuhi goti limevimba. Leo ufanye nini?
3. Goti la kushoto likiuma, fimbo ishikwe mkono gani?
4. Ukishuka kilima, utangulize mguu upi?
5. Tazama nyumbani kwako leo: ni kiti gani, jiko gani, na mpini gani unaoweza kubadilishwa kabla ya Jumapili?

Swali la tano ndilo kubwa. Lijibu kwa nyundo na msumeno.